Semina ya Kupogoa Mibuni

Kampuni ya kahawa ya Kirima Bora ilikufa mwezi wa nne, serikali ikaifufua mwezi wa saba kwa milioni mia nne za walipa kodi. Moffat Wambugu aliisoma habari hiyo kwenye gazeti la kinyozi mjini Nyeri, kichwa chake kikiwa kimenyolewa upande mmoja. Wateja wengine walisonya. Moffat aliona mahema na mbuzi. Kampuni ikifufuka haikai bila karamu. Hata Lazaro, baada ya kutolewa kaburini, tunamkuta tena mezani.

Moffat alikuwa mpangaji wa hafla. Kazi yake ilikuwa kuleta viti mia na kudai malipo ya mia mbili, na hakuna bwana harusi aliyewahi kuvihesabu. Jioni hiyo alikuwa ofisini kwa meneja wa Kirima Bora, Bwana Samuel Mwai.

"Karamu siwezi, kijana," Mwai alisema kwa huzuni ya kweli. "Serikali imetuandikia barua. Ati tusitumie pesa yao kwa starehe. Na mameneja wangu wamechoka sana. Kufilisika si mchezo."

"Nani ametaja karamu, mkubwa? Mimi niko na semina. Siku tatu, hoteli iko na bwawa. Kwa karatasi, ni wakulima mia na ishirini wanafunzwa kupogoa mibuni. Kwa bwawa, ni nyinyi."

"Na wakulima wakikuja?"

"Watakujaje na hawajaambiwa? Lakini kila mtu atasaini nauli, elfu mbili. Hiyo tunagawana, wewe na mimi."

Mwai alifumba macho kama mtu anayeombewa. Sharti lake lilikuwa moja: Moffat agharimie kila kitu kwanza, kisha kampuni imlipe maradufu karatasi ya sahihi ikifika. Basi Moffat akauza pikapu yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, kwa laki nne na nusu. Alipomaliza kulipia hoteli na mbuzi alibakiwa na laki mbili na nusu mfukoni, na tayari alikuwa anaota lori.

Zilibaki sahihi. Akaenda Kianyaga kwa kikundi cha wakulima cha Mwalimu Wacera, mama aliyestaafu kufundisha lakini hakustaafu kusahihisha watu. Wanachama wake walikuwa wameiuzia Kirima Bora kahawa ya misimu miwili na hawajaona senti.

"Ni mbolea ya serikali," Moffat alitangaza, sehemu ya juu ya karatasi ameikunja kwa nyuma. "Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi."

Mkulima wa huku akisikia mbolea hana maswali. Walisaini wote, wengine wakaomba kusaini na za majirani. Ni Mwalimu Wacera tu aliyekuwa na neno.

"Kikundi yetu haisainingi kitu bila kubaki na kopi. Iko kwa katiba."

"Si lazima, Mwalimu."

"Ni lazima. Leta, duka iko hapo tu."

Moffat angemfuata, lakini akina mama walikuwa wamemzingira wakitaka kujua mbolea itafika lini. Dukani, karatasi iliyokunjwa haikutoka vizuri kwenye mashine, kwa hiyo Mwalimu Wacera akaikunjua. Akasoma maneno ya juu. Akavaa miwani, akayasoma tena: semina, jina la hoteli, Alhamisi, chakula cha mchana, nauli elfu mbili kwa kila mkulima. Kisha akaikunja vilevile ilivyokuwa, akairudisha, na akamshukuru sana Moffat kwa kuwakumbuka wakulima.

Alhamisi saa tano asubuhi mameneja kumi na wanne walikuwa majini na mbuzi sita walikuwa motoni. Malori matatu ya kubebea kahawa yakaingia uani. Wakashuka watu mia na ishirini waliovalia nguo za kanisani, kila mmoja na mkasi wake wa kupogolea. Mbele yao alikuwa Mwalimu Wacera, na kando yake Bi. Benter Nekoye, afisa wa kilimo.

"Semina bila mgeni wa heshima ni aibu," Mwalimu Wacera alieleza. "Nikaona nimuite Madam aifungue."

Bi. Nekoye aliwatazama wale waliokuwa bwawani. "Mwenye kufundisha ni nani?"

Vidole kumi na vinne vilivyolowa vilimwonyesha Moffat.

Alifundisha saa mbili nzima. Aliwaambia mbuni hukatwa matawi yote ili usilemewe na matunda, na wakulima wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu Wacera alimnyang'anya mkasi, akafundisha yeye. Baada ya hapo wageni walikula mbuzi wote sita. Mameneja walipata supu.

"Sasa nauli," Mwalimu Wacera alisema. "Sahihi zetu mko nazo tayari. Imebaki pesa tu."

"Nauli iko na Moffat," Mwai alisema haraka, akifunga mkanda wa suruali. "Huyu kijana ni mwaminifu sana."

Afisa wa serikali akiwa amesimama pale, Moffat angesema nini? Alihesabu elfu mbili mara mia na ishirini. Kila mkulima alimshika mkono na kumtakia baraka, na kila mkono ulimuuma kuliko uliotangulia. Ilikuwa pikapu yake ile, inaondoka kipande kwa kipande.

Jumatatu alifika Kirima Bora na karatasi ya sahihi kwapani. Mwai alimkumbatia.

"Umetuinua, Moffat! Madam ameandika ripoti tamu. Ati sisi ndio kampuni ya kwanza kufanya semina ya ukweli. Serikali inatuongeza milioni hamsini!"

"Na yangu, mkubwa?"

"Yako iko. Lakini sisi tumeokolewa na pesa ya umma, hatuwezi kulipa watu ovyoovyo. Kuna orodha ya wanaotudai. Utapewa namba hapo nje."

Nje, kwenye benchi la korido, Mwalimu Wacera alikuwa akifuma sweta. Alikuwa akija kila Jumatatu.

"Umepewa ya ngapi?"

"Elfu nne mia moja na kumi na tatu," Moffat alisema.

"Mimi ni ya kumi na mbili, na huu ni mwaka wa pili." Akamsogezea nafasi. "Keti, mwanangu. Chai hapa kila mtu anajibebea."