Tovuti Iliyomfanya Marehemu Mama Agawe Shamba

Nyandira, Mgeta.

Kwa Mtengenezaji wa Tovuti ya Kushushia Video za Akili Bandia
(yaani mpwa wangu Witness),
Morogoro Mjini.

Ndugu Mtengenezaji,

YAH: MALALAMIKO MAZITO JUU YA KITUFE CHAKO

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, nimeipokea mapema tusipotezeane muda. Mimi mjomba wako Gervas ni mzima, isipokuwa moyo.

Mama yako, dada yangu Catherine, alitutangazia kwamba umejenga tovuti: mtu anabandika kiungo cha video iliyotengenezwa na akili bandia, anabonyeza kitufe, video inashuka na kukaa kwenye simu yake. Tukapiga makofi. Laiti tungejua! Huku kwetu mtandao ni wa kupanda mpaka kanisani kigangoni, na hata hapo usimame upande wa kengele. Uongo wa mjini ulikuwa unachokea njiani. Siku hizi mtu anashuka Morogoro asubuhi, anajaza simu kwa kitufe chako, anarudi na lori la mboga, na jioni kijiji kizima kimerushiwa. Basi naomba unisikilize kwa utaratibu.

1. Jirani yangu Faraja alishusha video ya kabichi kubwa kama tairi la lori, imekaa kwenye matuta yanayofanana kabisa na yetu. Mke wangu Kristina aliitazama, akazitazama kabichi zangu, halafu akanitazama mimi. Afadhali angenitukana! Hamza, anayetununulia mboga za kupeleka Dar, naye sasa anauliza hizo kubwa tunamuuzia nani kwa siri.

2. Ikaja video ya tembo anashuka njia ya mlimani na magunia nane ya njegere mgongoni. Judith na wenzake wanaotubebea mizigo hadi barabarani wakatua vikapu, wakasema wanasubiri tembo. Mzee Stefano, mkubwa wa ukoo wetu, mtu mzima na akili zake, akaenda ofisi ya kata kuuliza tembo wanaandikishwa wapi. Njegere zangu zilinyaukia shambani siku tatu.

3. Hili ndilo linaloniliza. Innocent, mtoto wa marehemu kaka yangu Yohana, alichukua picha ya mama yetu Veronika, bibi yako, tuliyemzika miaka saba iliyopita. Akampeleka kwenye akili bandia, akampa maneno, kisha akamshusha kwa kitufe chako. Mama akatokea kwenye simu amevaa kanga yake ya kanisani, anatabasamu, anasema ana furaha kubwa kutufahamisha kwamba shamba la mtoni ni la Innocent.

Witness, wewe ni Mluguru. Ardhi yetu inafuata tumbo la mama. Shamba lile ni la mama yako, na baada yake ni lako. Mimi mjomba nimelishika tu kwa niaba yenu. Innocent aende kudai ardhi kwa kina mama yake, huko Matombo. Na mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kufurahi kutufahamisha kitu chochote. Alikuwa anatugombeza kwa Kiluguru tangu alfajiri. Tena yule wa kwenye simu ana meno yote! Mama alikufa na manne, na mawili yalikuwa yanacheza.

4. Aibu ikakamilika kwenye kikao cha ukoo. Simu iliwekwa juu ya kigoda. Mama alipotokea, wazee wakasimama, wakavua kofia, wakaiamkia simu. Mzee Stefano akaiambia, "Shikamoo mama," akasubiri kuitikiwa mpaka chaji ikaisha. Kisha wakaamua kwamba, kwa kuwa marehemu mwenyewe amesema, watatoa hukumu Jumapili baada ya misa. Nilipopinga nikaambiwa sina adabu kwa mama yangu. Mimi, niliyemuogesha alipokuwa hajiwezi! Nililia mbele za watu, na sioni haya kukwambia.

Kwa hiyo, Ndugu Mtengenezaji, nataka tovuti ifungwe. Kama haifungiki, basi kabla video haijashuka, mshushaji ajaze ukoo wake, kijiji, na jina la mjomba wake, na mjomba atie sahihi. Video ya marehemu isishuke kabisa bila idhini ya mkubwa wa kiume katika watoto wake walio hai, ambaye kwa mama Veronika ni mimi. Kabichi nazo zipimwe kwanza na bwana shamba.

Usiniambie kwamba kitufe hakina kosa, kosa ni la mtu. Hata panga halina kosa, lakini hatuliachi mlangoni kwa kila apitaye. Ukoo usiolinda maneno ya marehemu wake hauna cha kurithisha, na mimi nitayalinda ya mama mpaka nizikwe pembeni yake.

Nisalimie wenye nyumba wako, wenzako wa kompyuta, na yule mama anayekuuzia chapati. Catherine anakusalimu, Kristina anakusalimu, mbuzi amezaa mapacha.

Ni mimi mjomba wako mwenye uchungu,
Gervas

Nyongeza: Nimesimama upande wa kengele tangu asubuhi, video yangu inakataa kushuka. Kiungo nimekiandika nyuma ya karatasi hii. Nishushie wewe kwa kitufe chako, umpe dereva wa Hamza, inifikie kabla ya Jumapili. Ni ya mama, anasema shamba la mtoni ni la Gervas na watoto wake. Ni nzuri kuliko ya Innocent: nimemwachia meno manne, na anagombeza. Mama yako asijue.