Treni Niliyompa Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumempeleka Mzee kliniki. Mzee ni mume wangu. Ana ugonjwa wa Parkinson: mkono unatetemeka, uso umekakamaa kama aliyeinunia dunia nzima, na miguu ikifika mlangoni inagoma. Anaganda hapo kizingitini kama nguzo. Namvuta, haendi. Namsukuma, tunaanguka wote.

Binti yetu ndiye aliyetafuta nafasi. Anasema ni tiba mpya. Mgonjwa anavalishwa miwani mikubwa, na ndani yake anaona mahali alipokuwa zamani, kama yupo palepale. Eti moyo unachangamka. Nikamuuliza, na wao wanapata nini? Akasema Mama, umeanza.

Sijaanza. Nauliza tu.

Mtaalamu wa miwani ni msichana mwenye sauti ya asali na viatu visivyolia. Watu wa viatu visivyolia siwaamini. Binti akaondoka na Mzee akapimwe kutembea, nikabaki na Mtaalamu peke yangu. Maswali! Mzee alifanya kazi gani, alipiga mluzi wimbo gani, ukuta ulikuwa na rangi gani, nani alikaa naye. Mtu mzima na akili zake, rangi ya ukuta wa watu ya nini? Wakishazihamishia kumbukumbu za Mzee kwenye mashine yao, yeye atabaki na nini kichwani?

Ndipo akili ikanijia. Nikamwambia Mzee alikuwa dereva wa treni.

Mzee ni fundi cherehani. Treni kaipanda mara moja, akatapika.

Wakiiba, waibe uongo. Nimerudi nyumbani natembea kwa maringo.

Jumanne, 11 Machi

Wamemvalisha. Nilikaa pembeni nimekumbatia mkoba, nikingoja aivue aseme, jamani, huyu si mimi. Kwanza akatulia. Kisha akanyoosha mkono, akavuta kitu hewani. Kisha akatabasamu!

Mimi nampikia, namfunga vifungo, namkata kucha, na tabasamu kama lile sijapata hata robo yake. Leo anauchekea ukuta.

Alipovua nikamuuliza kaona nini. Reli. Na nini tena? Watu. Watu gani? Abiria. Wa kike au wa kiume? Akasema Mama Watoto, twende nyumbani.

Amekwepa swali!

Tulipofika mlangoni miguu ikagoma kama kawaida. Mzee akasema kwa sauti ya chini, chuku-chuku, chuku-chuku, akapita. Akapita! Mtaalamu akapiga makofi. Akanieleza kwamba wagonjwa wengine wakipata mdundo, miguu inafunguka. Akanishukuru kwa maelezo mazuri niliyompa. Nikasema karibu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu.

Alhamisi, 13 Machi

Nyumba nzima chuku-chuku. Jikoni, chooni, hata kitandani anaingia kwa honi. Binti alipiga simu, akasikia, akauliza Baba kaanza lini mambo ya treni. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Nataka Mzee aendelee hivi. Hapo sina ubishi. Lakini anayemchekea humo ndani ni nani?

Leo kliniki nikavizia. Mtaalamu alipompeleka Mzee chooni, nikaivaa miwani.

Mungu wangu! Reli inanikimbilia! Nimekaa mbele kabisa, sina usukani, sina pa kushika! Mara stesheni. Na hapo stesheni, mwanamke wa gauni la njano, ananipungia kitambaa! Nilijua! Nikainuka kumfuata nimtazame sura. Nikakumbatia pazia la dirisha, likaja na fimbo yake na kikombe cha chai cha mtu. Mtaalamu kanikuta sakafuni nimeviringika, namuuliza mwanamke wa watu kama ana mume au hana.

Hakunicheka. Alisema wanafamilia wengi hupenda kujaribu. Nikasema nilikuwa nafuta vumbi.

Mzee alilitazama lile pazia, akasema tu kwamba pindo lake limeshonwa ovyo. Nikakohoa kwa nguvu asiendelee.

Jumanne, 18 Machi

Balaa.

Kwenye baraza la kungojea kuna mwanamke namwita Mama Wanja, kwa jinsi anavyojipaka. Tunagombania kiti cha karibu na feni tangu siku ya kwanza. Mumewe ana ugonjwa huuhuu. Leo Mtaalamu kaja mbio na furaha yake: kumbe mume wa Mama Wanja ni dereva wa treni mstaafu! Madereva wawili! Atawakalisha pamoja wakumbushane!

Mama Wanja akanipima kwa jicho toka kichwani hadi miguuni. Mbona sisi wake wa madereva tulijuana wote, shoga, wewe ulikuwa wapi? Nikasema sisi tulikuwa upande wa mizigo.

Nikajaribu kuugua. Nikashika kiuno, nikagumia. Wakaniletea kiti. Nikasema Mzee ana homa. Mzee akasema hana.

Wakakalishwa. Dereva akamuuliza alikuwa akiendesha injini gani. Mzee akafikiri, akasema nyekundu. Dereva akauliza, kwenye mteremko wenye kona breki mlikuwa mnaifanyaje? Mzee akasema taratibu. Mama Wanja akacheka mpaka wanja ukamchuruzika. Akasema huyu hajaendesha hata mkokoteni!

Nikafungua mdomo kutoa uongo mwingine, Mzee akaniwahi. Akasema yeye ni fundi cherehani. Siku ya kwanza ndani ya miwani alishangaa, halafu akajua ni mimi tu, maana mimi hata msoma mita ya maji simwambii jina langu la kweli. Alinyamaza nisije nikaumbuka mbele za watu. Na tena, akasema, maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumpa treni.

Dereva akasema kama ni fundi kweli, zipu yake imekatika wiki ya pili sasa.

Mtaalamu hakucheka. Alisema tiba hii inataka maisha ya mtu mwenyewe, kwa hiyo kazi yote aliyofanya imeharibika. Wanaongoja nafasi ni wengi. Lazima amwambie daktari mkuu, na huenda Mzee akaondolewa.

Wakati wa kurudi Mzee aliganda getini. Hakusema chuku-chuku. Nikamsemea mimi. Hakwenda. Nikasema kwa sauti, watu wakageuka, mlinzi akatoka kibandani. Nikaendelea tu. Mzee akainua mguu.

Jumatano, 19 Machi

Binti kapata habari, kaja kunipa vidonge vyangu. Kwako kila mtu mwizi, Mama! Hata fundi bomba ulimficha bomba linalovuja!

Nimekwenda mwenyewe kwa Mtaalamu. Nimeomba radhi mpaka nikalia, na safari hii machozi yalikuja yenyewe. Nikasema nifukuzeni mimi, Mzee abaki. Mwisho akasema daktari mkuu amekubali tuanze upya. Nieleze duka la Mzee la kushonea lilivyokuwa, kweli tupu. Tukikosea tena, nafasi anapewa mwingine.

Nikaapa. Na nimesema kweli! Ukuta wa kijani. Cherehani ya miguu yenye kanyagio linalolia. Pasi ya mkaa. Vipande vya nguo sakafuni hadi kifundoni. Redio iliyofungwa kwa mpira. Mluzi wake nikaupiga mwenyewe, wakanirekodi.

Akauliza nani alikaa naye. Mimi, kwenye kigoda pale mlangoni, nashona vifungo. Akauliza wakati ule nilikuwaje.

Sasa hilo nalo ni swali? Nikasema mwembamba. Nikamwonyesha kiuno kwa vidole. Nikasema shingo ndefu. Akauliza, na urefu? Nikasimama kwa ncha za vidole, nikasema mrefu kiasi.

Huo si uongo. Ni kupendezesha duka.

Ijumaa, 28 Machi

Leo Binti kaja nasi. Wamemrudisha Mzee dukani. Mara akatabasamu, miguu yake ikaanza kukanyaga sakafu, chini juu, chini juu, kama yuko kwenye cherehani. Mkono unaotetemeka akauweka juu ya kitambaa ambacho sisi hatukioni, ukatulia. Nimeona kwa macho yangu, umetulia. Nikauma mkanda wa mkoba.

Kisha akageukia mlangoni. Tabasamu likakatika. Akauliza, yule ni nani? Mtaalamu akasema ni mkeo. Mzee akasema nani, huyo? Huyo ni mzuri, lakini si wangu. Wangu ni mfupi, mnene, akijichoma sindano anatukana mpaka wateja wanacheka. Mwambieni huyo dada aondoke kwenye kigoda cha watu, mwenyewe anarudi sasa hivi. Akaanza kuhangaika. Akainuka na miwani usoni, mikono mbele, akiniita jina. Nikaenda nikamshika. Akanipapasa mkono, akasema, enhe, ulikuwa wapi?

Mtaalamu akakipima kiuno changu kwa macho.

Binti alikuwa analia. Akasema Mama, umesikia alivyosema Baba?

Nimesikia. Kasema yule ni mzuri!

Mtaalamu akasema kwa sababu mkono umetulia hatamwondoa Mzee, ila kwenye kigoda lazima niwe mimi mwenyewe. Jumatatu nimletee picha yangu ya wakati ule, na hii ndiyo mara ya mwisho kabisa. Nimekubali. Nimeapa mbele ya Binti.

Lakini uso wangu, kwenye mashine ya watu wa viatu visivyolia? Hapana. Picha nimeshaitafuta, iko kwenye bahasha. Ya dada yangu. Mfupi, mnene, na anakaa mbali, hatajua.