Hodi ya Usingizini

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Andika, mkamwana, na usinipunguzie maneno. Leo tena! Nimejinyoosha baada ya chakula, usingizi ndio unanichukua, nikasikia hodi. Hodi ya mtu mwenye haraka. Nikaitikia karibu, nikajifunga khanga, nikafungua mlango. Hakuna mtu! Jua tupu, na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara ananikodolea macho. Nikamuuliza nani kabisha. Akasema hajaona hata kuku. Mwongo. Yule anaona kila kitu, viatu ni kisingizio tu. Wifi yangu naye kasimama ukumbini, anacheka kwa pua.

Jumanne, tarehe 5
Alfajiri, jicho moja ndio linafunguka, hodi! Nikaitikia karibu kwa sauti, nyumba nzima ikaamka. Wifi hakupoteza muda. Kamwambia mwanangu ati mama yako kaanza kuongea na hewa, mtu wa hivyo halazwi chumba cha mbele, siku moja atamkaribisha mwizi na kumpa kiti. Ahaa! Kumbe ni chumba changu! Tangu kaka yake anioe, Mungu amrehemu, anakimezea mate. Dirisha langu liko barabarani. Nani kanunua godoro, nani karudishwa kwao, yote napata nikiwa nimelala. La kwake linatazama ukuta wa choo. Mwanangu kasema atafikiria. Mumeo akisema atafikiria, ujue ameshakubali. Unamjua.

Jumatano, tarehe 6
Nimepata akili! Nimemwambia wifi tubadilishane vyumba, usiku mmoja tu, aisikie hodi kwa masikio yake, tuone nani kichaa. Kakubali upesi mno. Hapo ningeshtuka, lakini nilikuwa nimeshafurahi.

Alhamisi, tarehe 7
Balaa! Wifi kalala kama gogo. Katoka jua limepanda, anajinyoosha, anasema chumba kitulivu, hakina hata mbu, na yeye hatoki. Sanduku lake limeshaingia! Nikalalamika kwa mwanangu. Kasema si wewe mwenyewe uliyetaka, mama? Na huku chumba chake cha nyuma, nilipoanza kusinzia tu, hodi ileile. Imenifuata! Imejuaje nimehama?

Ijumaa, tarehe 8
Mwanangu kanipeleka kwa daktari. Kijana mpole, mikono baridi. Nikamweleza tangu ujana wangu, na habari za wifi nikamwongezea, na za goti. Alipopata nafasi akasema si wazimu. Ati wakati wa kuingia usingizini au kuamka, kichwa kinakuwa nusu kimelala, kinajitengenezea sauti. Wengine wanasikia wakiitwa jina, wengine kishindo kabisa. Wapo wengi, na haina madhara. Basi! Hata kidonge kimoja hakunipa. Safari yote ile, na viatu vya kutokea nimevaa!
Lakini si wazimu. Mwanangu kasikia. Nikadai chumba. Wifi akajibu kwamba hodi ikiwa ni ya kichwani, basi hata huko nyuma inatosha.

Jumamosi, tarehe 9
Mchana wifi kanijia mbio, kilemba mkononi. Alikuwa anasinzia, akasikia kishindo kama sufuria zote zimeanguka jikoni. Kaenda kutazama, sufuria zimetulia. Akaniuliza je, ni chumba? Maneno ya daktari yalikuwa mdomoni. Nikayameza. Nikashusha sauti, nikamwambia ndiyo chumba chenyewe, wifi yangu, na hiyo ni salamu tu, bado mazungumzo.
Akageuka, akatoka! Nikaanza kukunja shuka zangu nirudi mbele. Sijafika ya pili, kitanda chake hicho, kinaingia mlangoni. Ati halali tena peke yake, atalala na mimi! Mwanangu naye kaamua kwamba chumba wanachokikimbia wazee wawili, bora mkewe akiwekee cherehani. Basi tumebanana huku kama jozi ya viatu kwenye boksi. Na anakoroma!

Jumapili, tarehe 10
Nimewaza sana. Anayekaa mbele sasa ni mshonaji, na mshonaji naye anachoka, anasinzia juu ya kitambaa. Kesho akiinamisha kichwa tu, nitazunguka nje, nibishe hodi dirishani, nikimbie. Goti litavumilia. Siku ya pili atatoa cherehani mwenyewe, na hatajua kamwe ni nani.
Mbona kalamu imesimama, mkamwana? Andika. Unacheka nini?