Kukamatwa kwa Toyota ya Bi Kidawa

Hadithi hii ni kweli tupu toka kichwani hadi mkiani. Mkiani nimeongeza chumvi kidogo. Na kichwani pia.

Mwaka ule wa vuvuzela za Kombe la Dunia, Elysée, fundi simu wa Overport, Durban, mwenye ulimi wa kuuza maji mvuani, aliitupia jicho Toyota nyeupe ya Bi Kidawa, mjane wa Bluff anayeitumia kusambaza sambusa. Mate yakamtoka, na si ya sambusa. Kule Jacobs kulikuwa na mnunuzi asiyeuliza gari limetoka wapi. Kilichobaki ni kumshusha mwenye gari mahali pasipo na watu.

"Mama Kidawa, foto yako na milima iko wapi?" akamwuliza, kamera kubwa ikining'inia shingoni. "Wandugu watajua je kama unaishi muzuri? Twende Bonde la Vilima Elfu. Mimi njo mwalimu wa safari ya foto."

Njiani, Bi Kidawa akiwa usukani, Elysée akamwaga mafunzo. "Ng'ombe, mama, unamupiga foto wa kushoto tu. Wa kuume anafumba macho. Mlima usiusogelee bila hodi, unakunja uso. Na dirisha unafungua nusu. Ukifungua yote, mandhari inajaa mu gari, hatuna pa kukaa."

"Kweli elimu haina mwisho," akasema Bi Kidawa, akalipandisha dirisha likawa nusu.

Wakafika juu ya kilima kisichokuwa hata na kibanda. "Simama hapa, mama. Shuka, enda kule kwenye nyasi. Ntakukamata muzuri, wewe na gari yako yote."

Bi Kidawa akakanyaga breki mpaka meno yakagongana. "Kunikamata! Kumbe mwanangu ni askari? Nisamehe, afande, leseni sina!"

Elysée nusura acheke. Kwao Kongo, kukamata foto ni kupiga picha tu. Lakini bahati ikibisha hodi, mtu haiulizi kitambulisho. Akavua kamera, akaiweka kitini, akavaa uso wa serikali.

"Eh-heh! Mwaka muzima nakutafuta. Gari inakamatwa. Shuka!"

"Nashuka, afande. Ila askari wa kweli huanza kusoma namba ya nyuma."

Elysée akatoka kwa maringo, akainama nyuma ya gari. Toyota ikaondoka, ikaenda hatua thelathini, ikasimama. Bi Kidawa akatoa kichwa dirishani, leseni mkononi.

"Wapangaji wangu watatu ni Wakongo wa Bukavu! Kila Jumapili wananikamata foto mpaka mashavu yananiuma. Ulidhani nitaogopa neno hilo, bwana mdogo? Nilikuwa nakupima tu!"

"Eish, mama, nilitania! Mimi si polisi! Mimi fotografa, haki ya Mungu!"

"Fotografa?" Bi Kidawa akaichukua kamera, akafungua kijimlango cha betri. Kikadondoka kijipande cha sabuni ya mche, kimechongwa kikachongeka. Akakinyanyua juu, kikamulikwa na jua. "Na hii ni nini?"

Elysée akaitazama sabuni. Akaitazama barabara yote ya kurudi Durban kwa miguu. 

"Hiyo, mama... ni betri ya Kifaransa."