Soko Lililohamia Alhamisi

Jumatano, 7 Mei

Habari kubwa! Madam Mbithe, mlezi wa Chama cha Wanahabari, ametangaza kwamba kituo cha redio kule mjini Wote kinataka mwanafunzi mmoja kutoka shule yetu. Atasoma habari hewani Jumamosi ya tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi. Mmoja tu! Tumebaki wawili, mimi na Mumbua, tunayesoma naye kidato cha tatu B. Mumbua atasoma habari za siku gwarideni, mbele ya shule nzima, Ijumaa hii. Mimi Jumatatu. Kisha Madam ataamua.

Sina wasiwasi. Mimi nina sauti. Nikisema tu "wali umeisha" kwenye foleni ya chakula, watu huinamisha vichwa kama wamesikia tanzia. Mumbua ana nini? Ana daftari, na kila kichwa cha habari amekipigia mstari kwa rula.

Nimeazima simu ya mlinzi wa lango nikampigia mama kule Kalamba. Nimemwambia nimeshachaguliwa. Si uongo. Ni kumwondolea tu adha ya kusubiri. Mama amepiga kigelegele hadi mlinzi akageuka kuangalia simu yake ina nini.

Alhamisi, 8 Mei

Mpango! Habari zote za gwaride hutoka kwenye redio ndogo ya mlinzi, taarifa ya saa moja jioni. Bila betri hakuna redio. Bila redio hakuna Mumbua. Nimetoa betri zote mbili nikazificha ndani ya soksi yangu, sandukuni.

Nzioka, tunayeketi naye dawati moja, anasema huo ni wizi. Nimemweleza kwamba ni kuhifadhi. Ameniuliza nahifadhi kwa ajili ya nani. Maswali kama hayo ndiyo yanamfanya apate alama nyingi za Fizikia na marafiki wachache.

Ijumaa, 9 Mei

Mumbua amesoma habari sita. Sita! Bei ya ndengu Kitui, barabara, mpira, mpaka ng'ombe aliyezaa ndama watatu.

Nimefanya uchunguzi. Alipokosa redio jana alienda kwa Madam Mbithe akaomba gazeti, akapewa. Aliomba tu! Watu wengine hawana haya kabisa.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya kufua. Mashati mawili, suruali, shuka, soksi zote. Kazi safi. Nimelala mapema nikiwaza vile nitakavyosema "mabibi na mabwana".

Jumapili, 11 Mei

Maafa!

Nimeenda kuchukua betri ili nisikilize taarifa. Sanduku halina soksi. Soksi ziko kwenye kamba. Nilizifua jana na betri ndani, kwa sabuni ya kipande na maji ya uvuguvugu. Nimezianika betri kwenye bati. Nimeziuma kwa meno moja moja, kama mama anavyofanya na za tochi. Nimezirudisha kwenye redio mlinzi akiwa msalani. Redio ilikohoa mara moja, ikanyamaza.

Gazeti la Madam limeshaenda jikoni kuwashia moto. Gazeti pekee nililopata lilikuwa limefungia maparachichi ya Nzioka. La mwezi wa Machi. Nimeokota humo habari mbili ambazo hazijazeeka sana.

Mchana mama alipiga simu kwa mlinzi. Ametangaza kanisani! Pasta amesema Jumamosi mazoezi ya kwaya yataanza saa tano badala ya saa nne, ili kwaya nzima iketi kwetu uani kunisikiliza. Mama amesema ataazima redio kubwa ya jirani. Amesema pia tangu baba afariki hajawahi kuwa na neno la kuwaambia watu wakae chini wasikilize. Nikamwambia asisahau kuinua antena.

Nikaingia ibada ya alasiri na mawazo mengi. Wakati wa matangazo nikasinzia, na nikaota. Niliona soko letu la pale njia panda limejaa mpaka kwenye uwanja wetu wa mpira. Ndizi, kabeji, mbuzi. Chifu alikuwa amesimama kwenye ubao akiandika kwa chaki: ALHAMISI. Nyuma yake greda lilikuwa likichimba barabara.

Sasa, ndoto zangu si za kupuuza. Mwaka jana niliota mlingoti wa goli umeanguka, na ukaanguka. Ni kweli nilikuwa nimening'inia juu yake, lakini niliota kwanza.

Jumatatu, 12 Mei

USHINDI!

Bendera ikapandishwa. Nikasimama. Nikasoma habari ya kwanza, nikasoma ya pili. Mumbua akaanza kutabasamu. Hapo ndipo nilipovuta pumzi nikasema kwamba kulingana na taarifa zilizotufikia, siku ya soko la njia panda imehamishwa kutoka Jumanne hadi Alhamisi, kwa sababu ya greda linalotengeneza barabara.

Kimya! Hata walimu waliacha kunong'ona. Akina mama waliokuwa wakipita nje ya ua na viondo vyao mgongoni walisimama. Madam Mbithe amenipa mkono. Amesema hiyo ndiyo habari inayomgusa mwananchi, na kama hakuna jambo litakalotokea kufikia Ijumaa, anaona mtu wake ni mimi.

Nzioka ameuliza habari ya soko nimeitoa wapi. Nimemwambia imenifikia.

Jumanne, 13 Mei

Mpishi ameenda soko la njia panda kununua kabeji. Amerudi na gunia tupu. Amesema sokoni kuna mbuzi mmoja na mwenye mbuzi. Wanafunzi wa kutwa walibeba habari yangu mpaka kila boma, na akina mama wa kwenye ua wakabeba ikavuka milima.

Nilifurahi kwa dakika mbili. Watu wananisikiliza! Kisha tukapewa muthokoi mkavu, mahindi yaliyokobolewa, bila mboga, na wanafunzi mia nne wakaanza kuuliza ni nani aliyehamisha soko.

Madam asijue. Nimebakisha siku tatu tu.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata njia. Kama soko likihamia Alhamisi kweli, basi sikusema uongo. Niliwahi tu. Nimemwandikia chifu barua, "kwa niaba ya vijana wapenda maendeleo", nikimsihi aidhinishe Alhamisi. Sikuweka jina. Mjanja haweki jina.

Nimempa mwanafunzi wa kutwa aipeleke. Jioni Nzioka akaniuliza kwa nini nimechana karatasi ya katikati ya daftari la Biolojia. Nikamuuliza kuna ubaya gani. Akasema huwa naandika jina langu juu ya kila ukurasa, hata zile tupu, ili wasiniibie.

Aiya.

Alhamisi, 15 Mei

Siku mbaya. Naandika nikiwa na mabega yanayouma.

Leo nusu ya watu walienda sokoni na nusu hawakwenda. Waliokuwa na ndizi walienda. Wanunuzi waliona ni mzaha wakabaki nyumbani. Saa tano nikiwa darasani nikasikia sauti ya mama mmoja ofisini. Ni Mama Syokau, muuza ndizi, mmoja wa wale waliosimama kwenye ua Jumatatu. Ndizi zake zilikuwa tayari Jumanne. Kufikia leo zilikuwa zimepita tayari.

Alimwambia Mwalimu Mkuu kwamba sura ya yule kijana hakuiona, lakini sauti ataijua hata akiwa usingizini. Basi Mwalimu Mkuu, ambaye nadhani alijua tayari lakini alitaka nijitokeze mwenyewe, akampitisha darasa kwa darasa. Wavulana wote tukasimamishwa mstari. Kila mmoja alitakiwa aseme neno moja: Alhamisi.

Mumbua alinitazama. Alijua, shule nzima ilijua, lakini hakusema kitu. Wenzangu walisema "Alhamisi" mmoja baada ya mwingine. Zamu yangu ikafika. Nikasema kwa sauti nyembamba kama ya mtoto wa chekechea.

Mama Syokau alisimama. "Wewe kavisi, wewe kijana, rudia."

Nikarudia, nyembamba zaidi. Nzioka akapasuka kwa kicheko mpaka akashika dawati. Mama Syokau naye akaanza kucheka, akanishika shavu. "Ni huyu! Hata akijifanya paka ni huyu!"

Ofisini, Mwalimu Mkuu Mulinge aliniuliza habari ile ilitoka wapi. Nilimwambia mwanahabari halindi kitu kama anavyolinda chanzo chake. Akatoa kwenye droo barua yangu kwa chifu, jina langu juu kwa wino mwekundu. Nikasema niliota.

Akauliza, niliota? Nikasema ndiyo, ibadani. Nilidhani hilo la ibadani lingenisaidia. Halikunisaidia.

Hukumu: nimebeba ndizi zote za Mama Syokau kutoka njia panda hadi jikoni, shule izinunue. Safari nne, na hicho ni kilima cha Kilungu, si uwanja. Kesho nitasoma masahihisho gwarideni. Baada ya hapo, marufuku kusoma habari mpaka nimalize shule. Redioni anaenda Mumbua.

Ijumaa, 16 Mei

Nimesoma masahihisho. "Soko linabaki Jumanne. Hakuna greda." Nilisoma vizuri, na hilo siwezi kujinyima. Mama Syokau alipiga makofi kutoka nje ya ua. Madam Mbithe amesema sauti haina kasoro, kasoro ni vitu ninavyoweka ndani yake.

Lakini mama! Kesho saa nne atakuwa ameketi na kwaya nzima, redio ya watu mezani. Nimeenda kwa mlinzi kuomba simu. Akanionyesha redio yake, akafungua nyuma, akanionyesha kutu. Nikaondoka mwenyewe.

Nimebaki na njia moja. Nimemwendea Mumbua nikamwomba, akifika hewani, amsalimie mama yangu na kusema mimi naumwa koo, ndiyo maana. Nimempa ahadi ya mandazi yangu ya Jumamosi mpaka mwisho wa muhula. Amekataa. Amesema katika habari hakuna salamu, kuna habari tu. Kisha akaniuliza mama yangu anaitwa nani na anakaa wapi. Nikamwambia: Nduku, wa Kalamba. Nikamweleza na ile ya baba na watu kukaa chini kusikiliza. Sijui kwa nini nilimweleza. Aliandika yote kwenye daftari, akapiga mstari kwa rula.

Najisikia vibaya sana. Si kwa ajili ya redio. Ni kwa ajili ya mama kuinua antena bure.

Jumamosi, 17 Mei

Saa nne tulikuwa jikoni, redio ya mpishi juu ya gunia la mahindi. Nzioka alisisitiza nije. Mimi nilitaka kujificha bwenini.

Mumbua alisoma polepole, bila madoido. Habari ya kwanza, maji. Ya pili, mashindano ya michezo. Halafu ya tatu. Alisema wakazi wa milima ya Kilungu wanaombwa kurudi sokoni Jumanne kama kawaida, baada ya mwanafunzi mmoja kutangaza kimakosa kwamba siku imehamishwa. Alisema mwanafunzi huyo ni Kivuva, mwana wa Nduku wa Kalamba. Na kwamba alipotambua kosa, alijitokeza mwenyewe, bila kulazimishwa na yeyote, akawaomba watu radhi mbele ya shule nzima.

Jikoni watu walinigeukia. Bila kulazimishwa! Mumbua, wa daftari na rula, amedanganya hewani! Kwa ajili ya mama yangu!

Macho yaliniwasha. Nilisema ni moshi. Mpishi akasema moto bado hajauwasha.

Jumapili, 18 Mei

Mlinzi ameniita langoni, akanipa simu bila kunitazama. Mama!

Hana hasira! Amesema waliketi uani watu ishirini na wanne. Walishangaa kwanza kusikia sauti ya msichana. Kisha likatajwa jina langu, na jina lake, na Kalamba, na kwaya ikalipuka kwa vigelegele, hata hakuna aliyesikia sentensi iliyofuata. Waliosikia kidogo walisikia neno "soko". Wengine wanasema nimefungua soko. Mama amesema redioni wasomaji ni wengi, lakini wanaosomwa ni wachache, na mwanawe amesomwa. Alikuwa analia na kucheka. Nikamwachia hivyo hivyo. Mtu hamkatizi mama yake.

Nimemshukuru Mumbua. Amesema nisimshukuru, hajalala vizuri tangu jana kwa sababu ya lile neno "bila kulazimishwa", na kwamba nikiwa na heshima kidogo nitafanya liwe kweli. Nimemwahidi. Kwa dhati kabisa. Kuanzia leo mimi ni mtu mpya.

Alasiri, ibadani, wakati wa matangazo, nimesinzia kidogo.

Mvua! Mvua ya ajabu, siku ya Jumatano, inasomba ndengu zote zilizoanikwa kwenye maturubai kutoka hapa mpaka Malili! Niliamka nimelowa jasho. Watu lazima waambiwe waingize mavuno ndani. Nimeuliza ni nani anasimama gwarideni kesho. Habari anasoma Mumbua. Lakini nimeikagua ile adhabu ya Mwalimu Mkuu neno kwa neno, na inasema habari tu. Hali ya hewa haijatajwa popote.

Nimeshaandika jina langu juu ya karatasi.