Faili ya Mvua Iliyoninyima Kerugoya

Leo nimeaibika mpaka masikio yakawaka moto.

Mimi huandika programu za kompyuta katika ofisi ya vipimo vya mvua hapa Nyeri. Mke wangu Nekesa ni mwalimu Kerugoya, na sijamwona wiki tatu. (Kerugoya! Si Marekani. Ni kazi tu.) Bosi, Bwana Muriuki, aliniahidi: nikiweka vipimo vyote kwenye faili moja, leo saa sita niondoke, nirudi Jumatatu. Begi nililipanga jana. Nimemkumbuka huyo mwanamke hadi naota akinisahihisha.

Faili yenyewe hukaa kwenye diski, lakini programu huitumia kana kwamba iko kwenye kumbukumbu. Sharti ni moja: utaje ukubwa wake kabla ya kuiunda. Vipimo milioni mia tano, kila kimoja baiti nane, kisha uongeze baiti mia tano za maelezo ya mwanzo. Gigabaiti nne hivi. Nikaandika hivyo hivyo: idadi, mara nane, jumlisha mia tano. Nikabonyeza, moyo uko Kerugoya tayari.

Kompyuta ikaganda. Wangari, anayepokea vipimo kutoka vituo vya mvua, akapiga kelele.

"Mbona stesheni zote zinakataa? Inasema ati diski imejaa!"

"Imejaa nini?" Muriuki akauliza.

Nikatazama. Gigabaiti mia mbili hamsini na nne!

Ofisi nzima ikaja nyuma ya kiti changu, vikombe vya chai mkononi. Wangari akainama, akausoma mstari wangu.

"Lakini si jana ulitufundisha hii lugha yako inaanza hesabu kutoka upande wa kulia? Sasa si imejumlisha nane na mia tano kwanza?"

Imejumlisha. Kila kipimo kimepewa baiti mia tano na nane. (Mvua ya Nyeri ni nyingi, lakini si hivyo.) Na niliwafundisha saa nzima, kwa madaha!

Faili nimeifuta. Lakini vipimo vya asubuhi, vilivyokosa nafasi kwenye diski, vimepotea, na ni mimi wa kuwapigia wasimamizi wa vituo, mmoja mmoja, wavisome upya.

"Na kesho Jumamosi utakuja kazini, Wafula," Muriuki akasema, bila hata kupandisha sauti.

Nikampigia Nekesa, nikamweleza yote. Alikuwa ameshakanda unga wa chapati. Akacheka mpaka akakohoa.

Basi nyinyi msicheke. Kicheko nilichotaka leo ni kimoja tu, na hicho nimekisikia kwa simu.