Vifyonza Vumbi Vitatu na Mama Mkwe Mmoja

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mbele ya mtu ambaye kwa mila zetu sitakiwi hata kumtazama usoni: mama yake Nyangeta, mchumba wangu.

Jumamosi hii wazee wangu wanakwenda kwao Butiama kuposa. Leo mama yake alikuwa hapa Musoma kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, yeye na wifi yake, Shangazi Nyakaho. Nyangeta akanipa kazi: "Wachukue saa nane, uwafikishe nyumbani. Mama akirudi na neno zuri juu yako, baba hatakuwa na ubishi." Kazi rahisi. Abiria wawili, dereva mwenye shahada.

Tatizo ni gari. Ni la mjomba, na kazi yake ni kubeba dagaa kutoka Kibara. Asubuhi nzima nimelifagia. Ufagio ulichofanya ni kuwahamisha dagaa kutoka kiti cha mbele kwenda cha nyuma. (Wengine nadhani ni wa mwaka juzi. Walikuwa wananitazama.)

Nikakumbuka duka jipya la Baba Pendo. Anauza vifyonza vumbi vya mkononi, vile vidogo vinavyochomekwa garini kwenye tundu la kuwashia sigara. Siku hizi kila kitu kipo! Sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni tulijua swali moja tu: "Ipo?" Leo unaulizwa: "Unataka ipi?" Nani alitufundisha kulijibu hilo?

Baba Pendo akaweka vitatu mezani. Chekundu, cheupe, cha kijani.

"Kipi kizuri?" nikauliza.

"Vyote vizuri."

"Kama vyote ni vizuri, kwa nini bei si moja?"

"Hicho chekundu kina nguvu zaidi."

"Nani kapima?"

"Imeandikwa kwenye boksi."

"Na boksi kaandika nani? Si huyo huyo anayekiuza?"

Akanitazama kwa jicho lile lile ninalotazamwa nalo nyumbani. "Msomi, gari lako si hilo hapo nje? Kajaribu mwenyewe."

Nikatoka navyo vyote vitatu. Kila kimoja nikakipa kiti chake na robo saa yake. Haki lazima itendeke.

Baba Pendo akasimama mlangoni. "Wenzako huwa wanawashaga injini kwanza."

"Kwa nini?"

"Betri."

"Kidude hiki kimalize betri kubwa vile? Una ushahidi?"

Akarudi ndani kwa wateja wake. Hakuwa na ushahidi. Nikahesabu kwamba nimeshinda.

Cheupe kilipiga kelele tu. Cha kijani kilichukua vumbi kikawaacha dagaa. Lakini chekundu! Kilifyonza dagaa, kikafyonza na magamba ya sangara chini ya kiti! Kwa furaha nikakipitisha tena kwenye viti vya wenzake, ili kuthibitisha. Mara kikaanza kulia taratibu kama mbuzi aliyechoka, kikanyamaza. Nikasema unaona, bidhaa zenyewe ndizo hizi. Nikazungusha ufunguo wa gari.

Tik.

Nikazungusha tena.

Tik. (Ushahidi ukawa umepatikana.)

Saa nane ikapita. Nilikuwa nimeinamia boneti, nikijifanya najua ninachotazama, niliposikia sauti nyuma yangu: "Si ndiye huyu?" Shangazi Nyakaho! Walichoka kusubiri, wakaamua kwenda stendi kwa miguu, na njia ya stendi inapita hapo hapo dukani. Nyuma yake walikuwepo wenzao wanne wa kanisa, na mama mkwe mwenyewe ndani ya kitenge cha sare kilichonyooshwa kwa pasi, uso ameugeuzia upande wa ziwa, kama heshima inavyotaka.

Kwetu mkwe hasemeshwi moja kwa moja. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Mila hiyo nimeihoji miaka yote. Leo niliishukuru, kwa dakika kama mbili hivi.

"Shangazi, gari limegoma kidogo. Linataka kusukumwa."

"Basi sukuma, baba."

"Nani atashika usukani?"

Hakuna aliyejua kuendesha ila mimi. Kwa hiyo mimi nikakaa. Nimekaa kabisa, kwenye kiti safi, na mama mkwe wangu akafunga kanga kiunoni akaenda nyuma ya gari na wenzake kunisukuma.

"Shangazi! Mwambie mama aegemee kulia kidogo!"

"Anasema uegemee kulia!"

"Mwambie naegemea!"

"Anasema anaegemea!"

Nikatupa jicho kwenye kioo. Tukatazamana, mimi na mama mkwe, uso kwa uso, mara ya kwanza maishani. Jasho linamtiririka.

"Mwambie aongeze nguvu!"

Hilo Shangazi hakulifikisha.

Injini ikashika! Moshi mweusi wote ukaishia kwenye vitenge vya sare. Sasa, gari la mjomba betri ikifa, ukiachia mafuta kidogo tu linazima. Nikaamua nizunguke mtaa mmoja nirudi kuwachukua. Nikatoa mkono dirishani kuwaashiria wanisubiri.

Mkono ulikuwa umeshika kifyonza vumbi chekundu. Sijakilipia. Vile viwili vingine vilikuwa kiti cha nyuma.

Baba Pendo akatoka dukani. "Mwizi! Mwizi huyo! Mshikeni!"

Musoma hapo huwa hatusubiri kuelezwa mara mbili. Fundi baiskeli akaacha tairi. Muuza mihogo akaacha jiko. Na mbele yao wote, mikono juu, sauti ya kuongoza kwaya, alikuwa anakimbia mama mkwe:

"Si mwizi jamani! Ni mkwe wangu! Ni mkwe wangu huyo!"

Posa haijapelekwa, na mji mzima umeshatangaziwa.

Nikakanyaga breki. Gari likazima. Baba Pendo akachukua vidude vyake. (Hata chekundu, ambacho nilikuwa tayari kukinunua.) Wa kusukuma mara ya pili hakupatikana.

Mama mkwe akanipa mgongo, akapumua, akamwambia wifi yake:

"Mwambie Jumamosi wazee wake waje kama walivyopanga."

Nilitaka kulia kwa furaha.

"Ila mwambie waje kwa miguu."

Kutoka kwetu Bweri, hapa Musoma, mpaka Butiama, mwendo wa siku nzima, ndugu zangu. Mjomba ana goti bovu, na bado sijamwambia. Anayetaka kucheka ajitokeze mapema, kuna mizigo ya kubeba.